Wazazi Wanauliza, Tunajibu: Hesabu za Kichwa Nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Dodoma na Singida, na karibu zote zinalia kilio kimoja: mtoto anafanya hesabu vizuri daftarini, lakini ukimuuliza ana kwa ana anakwama. Tumechagua nane. Bei zilizomo kwenye majibu ni za mfano tu. Weka za sokoni kwako.

Vidole chini ya meza

*Mwanangu yuko darasa la tatu na bado anahesabu kwa vidole, hata 8 + 5. Nimempiga marufuku. Sasa anahesabia chini ya meza akidhani simwoni. Nifanye nini?*
Mama, Nkuhungu

Mama, mrudishie vidole vyake. Anavitumia kwa sababu hana njia nyingine, na ukimnyang'anya kabla ya kumpa hiyo nyingine atahesabu kwa kutikisa kichwa, kwa kugonga ulimi kwenye meno, au atabahatisha. Mpe kitu chenye haraka kuliko vidole, ataviacha mwenyewe.

Kwanza jua amefika wapi. Muulize 3 + 8, kisha kaa kimya umtazame. Akihesabu tatu tangu moja, halafu akaendelea na nane nyingine, bado anahesabu vyote upya. Akianzia 3 na kupanda hatua nane, ameshajua kuendeleza hesabu ila hajagundua kuwa ni nafuu kuanzia namba kubwa. Akianzia 8 na kuongeza tatu, yuko pazuri. Lipo pia kosa moja la kuchunguza: mtoto anajibu 8 + 5 ni 12. Hapo mara nyingi amehesabu "nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili", yaani ile nane yenyewe ameipa kidole cha kwanza. Mwambie aguse paji la uso akitamka "nane", ndipo kidole cha kwanza kinyanyuke kwa "tisa". Kosa hilo huisha upesi.

Kinachofuata ndicho wazazi wengi hukiruka, nacho ni jozi za kumi. Ziko tano tu: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Tafuta vizibo kumi vya soda na kikombe kisichoonyesha ndani. Vihesabuni pamoja, afumbe macho, funika baadhi, kisha afumbue. Vinaonekana sita, vilivyojificha ni vingapi? Mwanzoni atahesabu, mwache. Cheza naye dakika tano kila siku mpaka jibu litoke kabla hujamaliza kuuliza, tena kwa pande zote mbili: ukionyesha 6 aseme 4, ukionyesha 4 aseme 6. Kwa kawaida 7 na 3, na 6 na 4, ndizo zinazochelewa. Usizikimbie.

Sasa chukua kipande cha boksi, chora visanduku kumi, safu mbili za vitano vitano. Panga vizibo vinane ndani, vitano viache nje. Ili visanduku vijae vinahitajika vingapi? Viwili, na atavichukua kwenye vile vitano. Nje vimebaki vitatu, ndani vimetimia kumi, jibu ni kumi na tatu. 8 + 5 imegeuka 8 + 2 + 3 mbele ya macho yake. Fanya hivyo kwa 9 + 4, 7 + 6 na 8 + 6. Akizoea, ondoa vizibo, alitazame boksi tupu huku akifikiria. Mwisho ondoa na boksi.

Akikwama hapa usikimbilie kusema hajui hesabu. Njia hii ina vipande vitatu: kumjua mwenza wa nane, kuivunja tano kuwa mbili na tatu, na kujumlisha 10 na 3. Vijaribu kimoja kimoja. Kilicholegea huwa zaidi ni cha katikati: mtoto anajua kwamba 8 inataka 2, ila hajui 5 ikitoka 2 inabaki ngapi. Rudi basi kwenye vizibo vitano na kikombe kwa siku mbili tatu.

Sambamba na hayo mfundishe maradufu: 6 + 6, 7 + 7, 8 + 8, 9 + 9. Watoto huzipenda, nazo zinawabeba majirani zake, kwani 7 + 8 ni 7 + 7 na moja juu. Dakika tano hadi kumi kila siku zinatosha. Saa nzima ya Jumamosi haifui dafu kwao.

Leo 36, kesho 34

*Nafanya biashara ya mahindi hapa Kibaigwa. Kijana wangu wa darasa la tano daftarini anapata zote, lakini nikimuuliza 62 kutoa 38 bila kalamu ananiambia 36. Juzi swali lile lile akasema 34. Ananichezea?*
Baba, Kibaigwa

Hakuchezei, baba. Majibu yote mawili yana asili yake. Alipopata 36 alitoa ndogo kwenye kubwa kila upande: 6 kutoa 3, halafu 8 kutoa 2, bila kujali ipi ilikuwa juu. Alipopata 34 alikumbuka kukopa kumi, akafanya 12 kutoa 8 akapata 4, kisha akasahau kwamba ile 6 imebaki 5. Daftarini hasahau, kwa sababu ameikata 6 na kuandika 5 juu yake. Kichwani hakuna pa kuandika.

Ile njia ya kupanga namba juu na chini ilitengenezewa karatasi. Inaanza kulia na inadai alama za kukumbushia. Sehemu ya akili inayoshikilia namba wakati kazi ikiendelea ina nafasi finyu, kwa mtu mzima pia, sembuse mtoto. Kwa hiyo kichwani tafuteni njia yenye vitu vichache vya kushika.

Kwa 62 kutoa 38, mfundishe kupanda kama muuza duka anavyorudisha chenji. Kutoka 38 mpaka 40 ni 2. Kutoka 40 mpaka 60 ni 20. Kutoka 60 mpaka 62 ni 2. Jumla 24. Siku za kwanza achore mstari, aweke 38 kushoto na 62 kulia, kisha atie vituo na kuandika ukubwa wa kila mruko. Baadaye apite kwa kidole juu ya meza bila kuchora. Mstari wa karatasi ukiondolewa mapema mno, mtoto hupoteza hesabu ya miruko. Anafika 62 salama lakini hakumbuki amebeba ngapi. Ukiona hivyo, mwambie aseme jumla kwa sauti kila kituo: "mbili… ishirini na mbili… ishirini na nne."

Mteja akikupa 10,000 kwa mzigo wa 6,700, ni kazi ile ile: 300 kufika 7,000, halafu 3,000. Chenji ni 3,300. Kijana akae karibu yako na aitaje kabla hujaitoa mfukoni.

Kupanda kunafaa namba zikiwa karibu. Zikiwa mbali, kama 62 kutoa 5, ni nafuu kushuka: kwanza 2 kufika 60, kisha 3. Na kwa 65 kutoa 19 atoe 20 apate 45, halafu arekebishe. Hapa ndipo wengi huteleza na kusema 44, kwa kuwa wanatoa tena ile moja. Usimpe kanuni ya "ongeza" au "punguza", ataichanganya. Muulize: umetoa nyingi mno au chache mno? Ametoa 20 badala ya 19, amezidisha moja, basi airudishe. 46.

Kujumlisha nako kuanzie kushoto. 47 + 36: 47 na 30 ni 77, na 6 ni 83. Wako wanaopendelea 40 na 30, kisha 7 na 6, halafu kuunganisha. Ni sawa, ila pale mtoto anashikilia namba mbili kwa pamoja, 70 na 13. Anayesahau sahau afuate ile ya kwanza.

Wewe una bahati ya gunia la kilo 100. Kilo ikiwa 780, gunia ni 78,000. Nusu yake 39,000. Kilo 25 ni robo, 19,500. Kilo 75 ni nusu na robo, 58,500. Kilo 26 ni robo na 780 juu, 20,280. Magunia 12 ni magunia 10 na mengine mawili: 780,000 na 156,000, jumla 936,000. Muulize moja tu kwa siku wakati wa mizani, siyo kumi mfululizo. Na ombi letu kubwa: akishajibu, muulize "umepataje?", hasa akiwa amepatia. Mzazi anayeuliza hivyo pale tu mtoto anapokosea humfundisha kwamba swali hilo maana yake ni "umekosa", na mtoto ataanza kubadilisha majibu sahihi.

Anaongoza darasani, anaganda sokoni

*Binti yangu wa darasa la nne anasoma shule ya Kiingereza. Hesabu anaongoza. Akienda Soko la Majengo na mama yake mdogo, akisikia "elfu mbili mia nane" anaduwaa kama mgeni. Tatizo ni nini?*
Mzazi, Kisasa

Uelewa wa hesabu huhama kutoka lugha moja kwenda nyingine bila shida. Vilivyokaririwa havihami kirahisi. Tebo aliyoishika kwa Kiingereza imekaa kichwani kwa sauti za Kiingereza. Ukimuuliza kwa Kiswahili anatafsiri swali, anakokotoa, anatafsiri jibu. Mpe muda, na shangazi na wajomba waache kucheka.

Anza kwa kuchunguza sikio peke yake. Taja namba kumi kwa Kiswahili, aziandike kwa tarakimu bila kukokotoa chochote. Pengine utaona shida yote iko hapo. Thelathini na themanini zinamchanganya, vilevile sitini, sabini na tisini, kama Kiingereza kinavyowachanganya wengine kati ya 13 na 30. Kisha tia bei: elfu nne na mia tano, elfu kumi na tatu, laki moja na nusu. Usisahau lugha ya sokoni, maana hakuna kitabu kitakachomwambia kuwa jero ni 500, buku ni 1,000, na buku jero ni 1,500.

Akikokotoa, mwache atumie lugha anayoitaka kichwani, jibu alitoe kwa Kiswahili.

Saa ni zoezi zuri la nyongeza. Simu ikionyesha 14:40, aseme saa nane na dakika arobaini, au saa tisa kasoro dakika ishirini. Akizoea, mpe safari: basi linatoka saa 12:30 asubuhi, safari ni saa 8 na dakika 45, litafika saa ngapi? Atakayejumlisha 12 na 8 atapata saa 20 na kuchanganyikiwa. Njia nyepesi ni kuchukua kwanza dakika 30 ili afike saa moja kamili. Zimebaki saa 8 na dakika 15. Basi linafika saa 9:15 alasiri.

Tebo ya saba mpaka aiimbe

*Mtoto wangu anajua tebo zote za kuimba. Lakini nikimuuliza 7 mara 8 lazima aanze 7 mara 1. Mwalimu anasema aendelee kukariri. Akariri mpaka lini?*
Baba, Kondoa

Wimbo una mlango mmoja, wa mwanzo, ndiyo maana kila mara anaingilia hapo. Anachohitaji ni kuzifikia zile za katikati moja kwa moja. Habari njema ni kwamba zilizo ngumu kweli ni chache kuliko mnavyodhani.

Tebo ya 1 mpaka 10 ina majibu 100. Kwa kuwa 3 × 7 na 7 × 3 ni kitu kimoja, yanabaki 55. Ondoa yote yenye 1 na yenye 10, hayo hayana kazi: yanabaki 36. Ondoa ya 2, ambayo ni maradufu, na ya 5, ambayo ni nusu ya mara kumi (5 × 8 ni nusu ya 80): yanabaki 21. Ondoa ya 9, maana 9 × 7 ni 70 kutoa 7, yaani 63: yanabaki 15. Ondoa ya 4, maana ni maradufu ya maradufu (7, 14, 28): yanabaki kumi. Haya hapa: 3 × 3, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8, 6 × 6, 6 × 7, 6 × 8, 7 × 7, 7 × 8, 8 × 8.

Hata hayo kumi yana ngazi za kupandia. Mara tatu ni maradufu na moja zaidi: 3 × 8 ni 16 na 8, yaani 24. Mara sita ni mara tano na moja zaidi: 6 × 7 ni 35 na 7, yaani 42, 6 × 8 ni 40 na 8, yaani 48. 7 × 7 imepungua moja tu kufika 50. 7 × 8 ikumbukwe kwa mfuatano wa 5, 6, 7, 8, kwa sababu 56 ni 7 × 8. Na 8 × 8 ni 64, idadi ya kete zote za bao.

Kata kadi kumi kwenye gamba la daftari la zamani, swali mbele, jibu nyuma. Asipojibu ndani ya sekunde tatu, au ukamsikia akianza kuimba, kadi iende fungu la "bado". Ingiza kadi mpya mbili tu kwa siku, na usichanganye ndugu: 42, 48, 54 na 56 hugombana kichwani zikifundishwa jioni moja. Leo 7 × 8, na 6 × 7 ingoje siku nyingine. Kadi iliyopatiwa irudiwe kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Huo mwachano ndio unaoifanya ikae. Kuirudia mara ishirini usiku mmoja kunaleta ushindi wa usiku huo tu.

Akishika 7 × 8, muulize pia 56 gawanya kwa 7. Wengi wanaopatia la kwanza hulikosa la pili, na darasa la tano na la sita humo ndimo mgawanyo na sehemu zinamolalia.

Bibi asiyesoma

*Nalea wajukuu wawili, wa darasa la pili na wa darasa la nne. Walimu wanasema tuwasaidie hesabu nyumbani. Mimi sikupata shule. Nitawasaidia na nini? (Barua hii ameniandikia mjukuu.)*
Bibi, Mvumi

Shikamoo bibi. Una vitu viwili ambavyo wazazi wengi wa mjini hawana: karanga za kuhesabia, na swali la kweli. Mzazi aliyesoma akiuliza "umejuaje?" mtoto anahisi anatahiniwa. Wewe ukiuliza unataka kuonyeshwa, na mtoto anayemwonyesha bibi yake hulazimika kuipanga njia yake kwa maneno. Akimaliza, mwambie akuthibitishie kwa karanga. Kama amekosa, karanga zitamwambia kabla yako.

Wa darasa la pili mpe karanga 24 azigawe kwa watu wawili, watatu, wanne, wote sawasawa. Halafu kwa watano. Kila mmoja atapata nne na zitabaki nne, naye atakuja kukulalamikia kwamba hazigawanyiki. Hapo amejifunza jambo. Siku nyingine azipange kumi kumi kabla ya kuzihesabu, na umuulize kwanza anadhani ni ngapi. Asipoambulia karibu, si neno; jicho la kukadiria linakua kwa kukosea na kuona.

Wa darasa la nne apime mwenyewe debe linajaa kwa sado ngapi, kisha aseme madebe matatu na nusu ni sado ngapi, bila kupima tena. Kama karanga mnauza kwa sado, akuhesabie pesa ya sado saba kabla mteja hajafika.

Na bao, kama lipo hapo nyumbani au kwa babu jirani, liacheni liwe mwalimu. Lina safu nne za mashimo manane, 32 kwa jumla, na kete 64. Kabla mtoto hajatawanya kete alizoshika, aseme ya mwisho itaangukia shimo lipi. Mwanzoni atagusa shimo moja moja kwa kidole. Siku utakayomwona ameshika sita na macho yamekwenda moja kwa moja kwenye shimo la sita, ameacha kuhesabu moja moja.

Darasa la abakasi

*Kuna tuisheni ya abakasi kila Jumamosi huku kwetu. Ada si ndogo. Nimpeleke?*
Mama, Area C

Abakasi ya Kijapani, ndiyo inayofundishwa sana, kila fimbo yake ina shanga moja ya juu yenye thamani ya 5 na nne za chini za thamani ya 1. Mtoto akiizoea miezi mingi huanza kuzisogeza shanga kwa mawazo tu, na kasi yake ya kujumlisha na kutoa huwa ya kushangaza. Hilo ni kweli.

Ila kasi hiyo haimfundishi kujua lini ajumlishe na lini agawe. Kama shida yake ni maswali ya maneno, ada hiyo itakuwa imekosa njia. Na kama hataigusa abakasi katikati ya wiki, Jumamosi pekee hazitoshi. Kabla ya kulipa, omba kukaa nyuma ya darasa siku moja. Ukiona watoto wanasogeza shanga kwa kuiga amri bila kuulizwa namba iliyo mbele yao inasomekaje, rudi nyumbani na pesa yako. Jozi za kumi, na jozi za tano, ndizo abakasi yenyewe inazisimamia, nazo unaweza kuzianza leo kwa vizibo.

Kaka anawahi, mdogo analia

*Jioni nawauliza wanangu maswali ya papo kwa papo, wa darasa la sita na wa la tatu. Kaka anawahi kila mara. Mdogo siku hizi akiona nakaa tu anaanza machozi. Niache au anazoea?*
Baba, Manyoni

Acha kuwapambanisha, baba, kuanzia leo. Hofu nayo inakaa pale pale panapohifadhiwa namba wakati wa kukokotoa. Mtoto anayewaza "kaka atawahi" ana nafasi ndogo zaidi ya kushika 47, na kadiri anavyokosa ndivyo hofu inavyopanda. Hazoei. Anajifunza kwamba hesabu ni mahali pa kuaibika.

Kila mmoja awe na maswali yake na zamu yake. Ukishauliza, hesabu kimya kimya mpaka kumi kabla ya kusema neno. Utashangaa ni mara ngapi jibu linakuja ukifika saba. Wakitaka mashindano, mtoto ashindane na alama zake za wiki iliyopita. Kaka apewe kazi ya kutunga maswali ya mdogo wake kwa masharti kwamba ayajue majibu kwa njia mbili. Hiyo ni ngumu kuliko anavyofikiri, na itampunguzia majivuno kidogo.

Kwa huyo mdogo tazama pia haya. Je, anajua upesi kwamba 9 ni kubwa kuliko 7? Akiona nukta nne kwenye dadu anasema nne bila kuhesabu? Anaweza kuhesabu kurudi nyuma kutoka 20? Je, jozi ya 5 na 5 aliyoijua jana leo imefutika kabisa, tena na tena? Mtoto wa darasa la tatu anayekwama kwenye mengi ya hayo kwa miezi, ilhali kusoma kwake kunaendelea vizuri, huenda ana ugumu wa kudumu wa namba unaoitwa diskalkulia. Hauhusiani na uvivu wala na akili kidogo. Apimwe kwanza macho na masikio, kisha zungumza na mwalimu wake ukiwa na mifano ya makosa uliyoiandika kwa siku kadhaa. "Hajui hesabu" haimsaidii mwalimu. "Anasema 13 + 4 ni 53" inamsaidia, maana hapo anaona 4 imejumlishwa na ile 1 ya makumi, na 3 imeachwa ilivyo.

Simu ina kalkuleta

*Kila simu ina kalkuleta. Kwa nini nimtese mtoto?*
Msomaji, Chamwino

Usimtese, na kalkuleta mwachie. Weka sharti moja tu: kabla ya kubonyeza aseme jibu litakuwa karibu na ngapi. Mifuko 19 kwa 4,900 kila mmoja ni karibu mifuko 20 kwa 5,000, yaani 100,000, na jibu halisi liwe chini kidogo ya hapo. Kalkuleta ikionyesha 93,100, sawa. Ikionyesha 931,000, kidole kimegusa sufuri moja zaidi, na simu yenyewe haitamwambia.